Waya Uliopita Juu ya Mwamba

Kwa majuma matatu ya likizo nilihesabu hatua za mke wangu kutoka mlango wetu wa nyuma hadi lango la jirani. Zilikuwa arobaini na mbili. Nilijua amevaa kitenge kipi, amebeba nini na amerudi saa ngapi. Jambo moja sikuliona, ingawa nililiruka kila nilipokwenda bafu la uani. Nalo ni waya wa mtandao, niliokuwa nimeutandaza mwenyewe juu ya mwamba.

Naitwa Osward Kahigwa. Ninafundisha jiografia katika shule ya sekondari. Tunaishi Ilemela, kwenye kilima cha mawe, mahali ambapo mtu hujenga pale mawe yanapomruhusu. Kati ya nyumba yetu kubwa na chumba cha uani umekaa mwamba mmoja, mkubwa kama lori. Chumba hicho cha uani ndicho darasa la mke wangu, Noela.

Noela hufundisha Kiswahili kwa watu wa nchi za mbali. Wao wako kwao, naye yuko Ilemela, wanaonana kwenye kompyuta. Alianza kazi hii baada ya shule aliyokuwa akifundisha kufungwa. Aliipenda sana.

Intaneti yetu inaingilia sebuleni. Mawimbi ya waifai hayakuweza kuupenya ule mwamba, kwa hiyo nilinunua waya wa kuifikisha uani. Waya ukawa mfupi. Nikauunga na mwingine kwa kuzisokota nyaya kwa vidole, nikazungushia utepe wa umeme. Kisha niliurusha juu ya mwamba, nikauwekea mawe matatu usipeperushwe na upepo. Kazi hiyo nilijivunia.

Siku moja somo lilikatika mara tano. Noela akatoka uani na kompyuta yake kifuani.

"Baba Precious, leo nafundishia kwa Mama Bernadeta. Kwao mtandao hautikisiki."

Precious ni binti yetu, yuko chuoni Dodoma. Mama Bernadeta ni mjane mzee, jirani yetu. Lakini mimi sikulisikia jina la Mama Bernadeta. Nililisikia jina ambalo Noela hakulitaja, la Masele, mwanawe.

Masele ni fundi wa mitandao katika ofisi moja huko Buzuruga. Alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Ni mrefu kuliko mimi na kicheko chake husikika hadi barabarani. Ndani kwake nyaya zimepita ukutani zimenyooka kama mistari ya daftari. Niliziona siku jumuiya yetu ya kanisani iliposali kwao. Rozari ilisaliwa yote, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukuta ule, moyo ukiniuma.

Noela akaenda siku ya kwanza. Akaenda ya pili. Ya tatu hakuaga tena. Ukuta wa mawe ulinizuia kuiona baraza yao, lakini kicheko cha Noela nilikisikia. Nyumbani alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

"Leo mmecheka sana," nilimwambia aliporudi.

"Mwanafunzi wangu kamwona Mama Bernadeta kwenye kioo, akamwambia 'marahaba' hata hajaamkiwa! Mama naye akamjibu, 'Haya baba, shikamoo.'"

"Na Masele?"

"Masele kafanyaje?"

"Hakuna."

Kesho yake nilipanda basi hadi mjini. Nilinunua ruta mpya, kile kisambaza intaneti, yenye antena nne zilizosimama kama pembe. Niliiomba kampuni iniongezee kasi ya intaneti. Moyoni nilisema, sasa tutaona ni nani mwenye mtandao hapa mtaani. Asubuhi iliyofuata, Noela alikaa darasani kwake kunifurahisha. Somo likakatika mara tatu. Alifunga kompyuta bila neno, akatoka. Nikabaki na pembe zangu nne.

Jumanne jioni alinieleza habari ambayo iliniondolea hamu ya kula.

"Wanaoniletea wanafunzi wamepokea malalamiko. Ijumaa saa tisa alasiri mkaguzi atakaa ndani ya somo langu. Likikatika, wanafunzi wangu wote watapewa mwalimu mwingine."

"Nenda basi kwa Masele wako."

Noela aliweka kijiko chini.

"Ijumaa jumuiya inasali pale. Na huyo Masele wangu nimempata lini?"

Nilikuwa nimejibiwa vya kutosha, lakini wivu hausikii upesi.

Jumatano saa tisa nilisikia kicheko tena. Nilivaa viatu, nikahesabu hatua zangu mwenyewe. Sikupiga hodi. Niliingia barazani kama askari.

Noela alikuwa mbele ya kompyuta, akifundisha. Pembeni yake Mama Bernadeta alikuwa amekaa kwenye mkeka, akichambua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Shikamoo, mama," nilisema. Sauti ilitoka ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Namtafuta... Masele."

"Masele? Saa hizi yuko kazini. Hurudi jua likikaribia kuzama. Tangu mkeo aanze kuja hapa hawajakutana hata mara tatu." Akanisogezea ungo. "Kaa ule michembe. Inatuliza."

Nilikaa. Noela alimaliza somo, akaagana na mwanafunzi wake, ndipo akanigeukia.

"Nilijua ulichokuwa unafikiri," alisema taratibu. "Pazia la dirisha letu hutikisika hata pasipo upepo."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza soma hiki." Alitoa daftari mkobani. "Mara tatu nimetaka kukuonyesha. Mara tatu ukaniambia umechoka."

Ndani alikuwa ameandika kila siku na kila saa mtandao ulipokatika. Jumatatu, saa mbili asubuhi. Jumatatu, saa nane mchana. Alhamisi, baada ya mvua. Kurasa sita. Masele ndiye aliyemshauri, kupitia kwa mama yake, aandike hivyo kabla ya kuilaumu kampuni.

Jioni ile nilikwenda langoni kwao kumsubiri mtu niliyemwonea wivu. Nilimweleza shida yetu. Ya moyoni nilibaki nayo. Masele alikuja papo hapo, akasimama mbele ya mwamba, akauinua waya wangu kwa vidole viwili.

"Nshomile!" alicheka. Ndivyo Wasukuma wanavyotutania sisi Wahaya na usomi wetu. "Digrii mbili, halafu unawalisha pimbi intaneti?"

Nilitazama. Waya ulikuwa na alama za meno. Pimbi, wanyama wadogo wa mawe yetu, hutoka kila asubuhi kuota jua juu ya mwamba. Kwa siku ngapi nimewaona wamekaa pale! Ngozi ya waya nayo ilikuwa imepasuka kwa jua. Masele alibandua utepe kwenye kiungo changu. Yakadondoka maji, na nyaya za ndani zilikuwa na kutu ya kijani.

"Lakini nimenunua ruta kubwa," nilisema. "Na kasi nimeongeza."

"Umenunua tenki kubwa, mwalimu. Bomba limetoboka. Jaza tenki lifurike, bombani yatatoka matone tu." Alichukua daftari la Noela, akalisoma. "Mama Precious, umefanya kazi ya fundi. Inakatika asubuhi pimbi wakiwa juu. Inakatika mchana mwamba ukiwa wa moto, kwa sababu kiungo kilicholegea kinatanuka. Inakatika baada ya mvua. Kampuni haina kosa. Shida iko hapa uani."

Tuliingia sebuleni. Nyuma ya televisheni palikuwa na fungu la nyaya ambalo sikuwahi kuligusa. Waya wa mtandao ulikuwa umefungwa pamoja na wa umeme kwa kamba ya katani. Ekstensheni ilikuwa na soketi iliyobadilika rangi kwa joto.

"Hii ya umeme usiiguse," alisema. "Izime, umwite fundi umeme mwenye leseni. Mimi nashika mtandao tu. Na hawa wawili usiwalaze kitanda kimoja. Umeme huuvuruga mtandao. Waachanishe kwa shubiri moja. Wakilazimika kupishana, wakatane kama msalaba."

Nilihisi uso ukipata moto. Yeye alikuwa anazungumzia nyaya tu.

Alhamisi Masele aliomba ruhusa kazini. Asubuhi fundi umeme alibadilisha ekstensheni. Kisha tukaanza, na Masele akakataa kunifanyia kazi.

"Ushike wewe. Waya ukiharibika mimi nikiwa Buzuruga, utafanyaje?"

Tulipima njia ya kuuzunguka mwamba, badala ya kupita juu yake. Zikawa mita thelathini na moja. Tulinunua waya mmoja usio na kiungo, wa shaba tupu, wenye ngozi nene ya kustahimili jua na mvua. Masele alisema waya wa aina hii hufanya kazi vizuri hadi mita mia moja. Tuliupitisha ndani ya bomba la plastiki, meno ya pimbi yasiufikie, tukalibana bomba ukutani kwa klipu. Kwenye kona hatukuukunja waya kwa nguvu. Tuliupindisha taratibu.

Kisha nikafunga plagi. Ndani ya waya kuna nyaya nane ndogo za rangi, na mpangilio wa rangi lazima ufanane pande zote mbili. Masele alichomeka testa, kifaa kidogo chenye taa nane. Zikawaka saba.

"Ya nne imelala," alisema. "Kata, anza upya."

Nilikata. Nikaanza upya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mshona nguo, vyangu vizito, na wivu ukanirudia hata pale. Nadhani aliuona.

"Mwalimu," alisema akiangalia waya, "mimi jioni nikirudi, mama ameshakula, kakaa kimya. Nawasikia ninyi ng'ambo ya ukuta mnabishana kuhusu chumvi. Nakaa nasikiliza. Usidhani una wivu peke yako."

Nilibana plagi kwa koleo. Taa zikawaka nane.

Kazi ndogo zilizobaki tulizifanya pamoja na Noela. Ruta tuliitoa sakafuni nyuma ya televisheni, tukaiweka juu ya rafu ipate hewa. Nyaya zilizozidi tulizifunga kwa mikanda ya kitambaa bila kuzikaza. Noela aliandika vibandiko, akavibandika kila mwisho wa waya: SEBULE, UANI, TELEVISHENI. Kwenye chumba cha uani tulifunga kifaa kidogo cha kugawa waifai. Masele pia aliweka kikinga radi chenye waya wa kwenda ardhini.

"Hata hivyo," alituonya, "mkiona wingu zito linatoka ziwani, chomoeni mapema. Radi ya hapa mnaijua."

Ijumaa anga lilikuwa jeupe. Saa tisa kasoro dakika tano Noela alichomeka waya kwenye kompyuta. Mimi nilikaa juu ya ndoo nje ya mlango wake. Pimbi watatu walikuwa juu ya mwamba, wakiota jua, hawana cha kutafuna. Ng'ambo ya ukuta jumuiya ilianza kuimba. Nilimsikia mkaguzi akisalimia. Nilimsikia mwanafunzi akijikwaa kwenye maneno na Noela akimwinua. Dakika kumi. Thelathini. Kisha Noela akacheka, kile kicheko kilekile, na safari hii kilikuwa uani kwangu. Mwanafunzi alikuwa amewaamkia pimbi aliowaona dirishani nyuma yake.

Alipotoka, alifungua daftari akaandika mbele yangu: Ijumaa, saa tisa hadi saa kumi, haikukatika.

Miezi minne imepita. Noela hakunyang'anywa mwanafunzi hata mmoja; sasa anao wanane, na wote huwafundishia uani. Kila mwisho wa mwezi nakagua klipu, bomba na vibandiko. Jumapili Masele na Mama Bernadeta hula kwetu, na habari za chumvi tunabishana wanne. Hatua sihesabu tena. Nikitaka kujua mke wangu anakwenda wapi, namuuliza.