Upande Uliolala

Mambo yalianza na mgonjwa ambaye hakuletwa na mtu.

Sihaba alikuwa na duka la dawa za mifugo Igogo. Asubuhi hiyo, kwenye kumbukumbu za wateja ndani ya kompyuta, alikuta mstari asiouandika yeye: mwenye mnyama: Sihaba; mnyama: hakuna; ugonjwa: upweke. Penye dawa, patupu. Akacheka kidogo, akaufuta. Utani wa nani tena huu, na humo ndani yuko peke yake? Binti yake Najat ameolewa Misungwi, na simu yenyewe ni Ijumaa kwa Ijumaa.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mumewe, Nurudin, na ilikuwa na mifumo endeshi miwili. Ukiiwasha inakuuliza: Windows, upande wa Sihaba, au Linux, upande wa Nurudin? Mafaili ya kanzidata, yaani hizo kumbukumbu za wateja, Nurudin aliyaweka katikati, akiandika huyu asome yule. Sharti lilikuwa moja, na alilirudia mpaka likachosha: "Mama Najat, upande mmoja ukiwa umelala, usiyaguse mafaili kwa upande mwingine. Uzime kabisa kwanza. Uliolala unadhani mambo yako vilevile ulivyoyaacha."

Na aliyelivunja ni yeye mwenyewe! Siku aliyovuka ziwa kwenda Kamanga kutibu ndama, aliulaza upande wake badala ya kuuzima. "Kuna neno nakuandikia humo," alisema akivaa viatu. "Nitamalizia nikirudi." Moyo ukasimama hukohuko Kamanga, wakamrudisha kwa kivuko amefunikwa kanga.

Eda ilipokwisha, Sihaba akafungua upande wake, maana mifugo ya watu haingoji msiba. Ule wa mumewe aliuacha na usingizi wake.

Mstari aliufuta, ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi. Kisha alasiri moja, umeme umekatika mtaa mzima, yuko uani anachambua dagaa, akasikia vitufe vikigongwa dukani, taratibu, kwa vidole viwili kama alivyokuwa akigonga Nurudin, na harufu ya tope bichi la ziwani ikaja mpaka uani, ikampita, ikatulia nyuma ya shingo yake kama mtu anayechungulia begani, naye akabaki na dagaa mkononi asithubutu kugeuka, akinong'ona Ayatul Kursi na kuikosea palepale anapopajua zaidi.

Akamwita Bashiru, rafiki wa marehemu, fundi wa kompyuta na mwalimu wa madrasa. Bashiru akasoma, akafukiza ubani, akakitazama kioo cha kompyuta kwa muda mrefu.

"Shemeji," akanong'ona, "kuna kiumbe kimeukalia usingizi ule. Kimevaa alichokiacha Nurudin."

"Basi tuuamshe upande wake. Nisome neno langu tu."

"Thubutu! Ukiuamsha sasa, utaandika ya zamani juu ya mapya, mafaili yote yaharibike, na chenyewe kitoke. Dawa ni kuufuta usingizi bila kuuamsha. Neno litapotea. Pole sana, shemeji."

Kwa Sihaba, neno hilo ndilo lililobaki la mumewe, na hata hajui lilikuwa linasema nini.

"Niandalie," akasema. "Nitafuta mwenyewe. Nipishe kidogo."

Bashiru akaandika amri ya kufuta, akatoka nje. Ilibaki kubonyeza kitufe kimoja tu. Sihaba akanyoosha kidole, na pembeni ya amri ile, kwenye kumbukumbu za wateja, mstari ukaanza kujiandika mbele ya macho yake. Ugonjwa: upweke. Na safari hii penye dawa hapakuwa patupu: Nakuja, mke wangu.

Mke wangu! Tangu Najat azaliwe, Nurudin hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. Ilikuwa Mama Najat, asubuhi na jioni. Sihaba alijua si yeye. Lakini katika miezi yote ile hakuna mwingine aliyemwambia anakuja.

"Tayari, shemeji?" Bashiru aliuliza mlangoni.

Sihaba akaifuta ile amri, herufi moja moja.

"Tayari. Nimeshafuta."

Akamsindikiza mpaka barabarani, akamshukuru, akarudi ndani na kufunga mlango kwa komeo. Kisha akabandika chai, akaosha vikombe viwili.