Nambari ya Kipimajoto cha Pili

Mwaka ule kambi ya wakimbizi iliyo jirani ilikuwa bado imejaa watu, na kila siku baada ya shule Iradukunda wa darasa la sita alipitia zahanati ya kijiji kumsaidia fundi Theodosia. Fundi alikuwa akiunganisha kompyuta ndogo ya kuangalia friji la chanjo, yenye vipimajoto viwili, kimoja juu na kimoja chini.

Fundi alikuwa amemweleza Iradukunda vizuri. Kompyuta inapowashwa, kwanza huamka kiini cha mfumo wake, na kiini hakijui ni nani aliye kwenye waya. Vipimajoto navyo havijitambulishi. Ni lazima viandikwe mapema kwenye orodha, kila kimoja kwa nambari iliyo mgongoni mwake. Nambari ikikosewa, kitaitwa na hakitaitika.

Kazi ya Iradukunda ilikuwa kufungua vifuniko na kusoma nambari hizo. Cha juu kilikuwa 72. Skrubu ya cha chini ilikuwa ngumu, na wenzake walikuwa wakimwita akacheze rede. Akaandika 73, kama mtu anayehesabu madawati, akatimua mbio.

Kesho yake asubuhi, Iradukunda alipopitia zahanati kabla ya shule, gari lilileta chanjo. Theodosia akawasha kompyuta. 72 ikaitika. 73 ikaitwa mara tatu, kimya.

"Hiki kimekufa," fundi alimwambia muuguzi Raya. "Orodha haina shaka, Iradukunda alizisoma nambari mwenyewe."

Raya alisema haweki chanjo kwenye friji asilojua ubaridi wake wa chini. Dereva azirudishe Ngara mjini. Akina mama waliokuja kuchanja watoto wakaambiwa warudi nyumbani. Dafroza, aliyetembea tangu alfajiri kutoka kambini na mapacha wake, alikaza kitenge akaondoka.

Sifa ile ya fundi ilimchoma Iradukunda kuliko fimbo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Dereva akawasha gari.

"Fundi, cha pili sikukisoma," alisema akitazama miguu yake. "Nilibuni."

Theodosia hakumkaripia. Alichukua bisibisi, akakazana mpaka skrubu ikalegea, akasoma: 75. Akarekebisha orodha, akawasha upya. Friji lilikuwa na nyuzi nne juu na chini, na Raya akaagiza chanjo zishushwe.

"Wengine nitawaita mimi; wewe mkimbilie yule mama wa mapacha," alisema fundi. "Usimwambie mtambo uliharibika. Mwambie ulichofanya."

Alimkuta bondeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaeleza yote, machozi yakimtiririka. Dafroza alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema mapema kwamba hujui, mwanangu, wangekusaidia kufungua. Kutojua si aibu. Aibu ni kujaza pengo kwa uongo, watoto wa wenzio wakaumia." Akamfungua pacha mmoja. "Haya, mbebe huyu. Mgongo wangu umechoka."

Iradukunda akambeba mtoto, wakapanda kilima, na njia nzima hakuthubutu kumtazama mama yule usoni.