Mizunguko Mia Mbili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Wakili alikuwa akinywa chai yake amesimama, kwa sababu hakukuwa na mahali pa kukaa. Kochi lilibeba mabomba ya chuma. Kiti cha baba, ambaye alikuwa safarini na lori lake, kilikaliwa na boksi la nati. Meza ya chakula ilijaa spoku za baiskeli, na nyuma yake mama, ndani ya ovaroli la buluu, alikuwa akipima bomba kwa futi huku akipiga mluzi.

"Mama, nimechelewa," Wakili alisema.

"Basi tembea upesi, mwanangu."

"Zamani nilikuwa sitembei."

"Zamani na mimi nilikuwa sipigi mluzi," mama alijibu, wala hakuinua uso.

Wakili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimbandika jina hilo tangu darasa la pili kwa ubishi wake; ukimwambia jua limechomoza, atakuuliza shahidi wako ni nani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na kesi moja tu kichwani, na mshtakiwa wa kesi hiyo alikuwa mama yake mzazi.

Na kesi yenyewe ni hii. Miezi mitano nyuma, mama alikuwa mkuu wa huduma kwa wateja katika kampuni kubwa ya vifaa vya hospitali. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tisa, yenye kiyoyozi. Gari la kampuni lilimshusha Wakili mlangoni pa shule kila asubuhi, na Jumamosi alifundishwa kuogelea kwenye bwawa la watoto wa wafanyakazi. Alikuwa amebakiza wiki mbili tu aanze kupiga mbizi kutoka kwenye ubao wa juu. Halafu, hivi hivi, mama akarudi nyumbani na boksi la vitu vyake, akasema ameacha kazi. Hakufukuzwa jamani, ameacha! Wengine unga wao humwagwa na mabosi. Mama aliumwaga wa kwake kwa mikono yake miwili. Akafungua kampuni changa ya kutengeneza viti vya magurudumu, yeye na fundi mmoja wa kuchomelea aliyeitwa Mjomba Cheche. Kampuni nzima ilikuwa watu wawili, uani, na sebule ya watu.

Shuleni hawakumwacha apumue. "Eti mama yako siku hizi anaziba pancha?" walimuuliza. Wakili aliyejua kubishia kila kitu, kwa hilo aliongeza mwendo tu.

Mama alikuwa amemweleza sababu. Kule kampuni, watu waliandika barua za malalamiko: magurudumu madogo ya mbele ya viti vyao yalivunjika kwenye barabara za mawe, na vipuri havikuwepo. Amri kutoka juu ilikuwa moja. Barua ikifikisha siku saba, ipigwe muhuri wa YAMESHUGHULIKIWA, iwe imeshughulikiwa au haikushughulikiwa. "Nilipiga muhuri huo miaka sita," mama alisema. "Siku moja mkono ukakataa." Wakili alisikia, lakini moyoni alijibu: mkono wako ukakataa, na miguu yangu ndiyo inayotembea?

Jumamosi moja kiti cha kwanza cha kuuzwa kilikuwa tayari. Kilikuwa na magurudumu makubwa ya baiskeli, ambayo fundi baiskeli yeyote angeweza kuyatengeneza. Mama na Mjomba Cheche walikuwa wakienda kununua mabomba, kwa hiyo Mjomba alimkabidhi Wakili spana na kadi ngumu ya njano.

"Haya, bosi, kanuni yetu unaijua," alisema. "Mizunguko mia mbili uani, juu ya mawe na vipande vya matofali. Kisha kaza nati zote nne za magurudumu mara ya pili. Nati mpya ni kama mgeni, siku ya kwanza hukaa kwa adabu. Itikise kwanza ndipo utaijua."

"Ukimaliza, weka alama ya vema na saini yako," mama aliongeza. "Bila saini yako kiti hakitoki hapa."

Walipoondoka, Wakili alibaki akikitazama kile kiti. Ilikuwa saa tatu. Saa tatu ya Jumamosi wenzake walikuwa wakiruka majini, na yeye ameachiwa spana! "Mimi si kibarua wa mtu," alisema kwa sauti. Akakisukuma kiti kivulini kando ya ukuta, akachukua kitabu chake cha hadithi, akakaa. Kusema kweli kiti kilikuwa kizuri sana kwa kusomea. Alisoma sura nne, kiti hakikuzunguka hata mara moja. Aliposikia geti likigongwa aliweka alama za vema kwenye kila mstari wa kadi, akatia saini, na chini akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: Kiko sawa.

Mama aliisoma kadi akatabasamu hadi magego yakaonekana. "Unaona, Mjomba? Kampuni yetu ina mkaguzi."

Jumatatu kiti kilipelekwa kwa Mama Sare. Huyu alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye kibanda kwenye kona ya barabara. Miguu yake ilipooza utotoni, lakini cherehani yake ya mkono ilikuwa haipumziki, hasa wakati ule, maana shule zilibakiza wiki mbili kufunga na kila mzazi alikuwa akiagiza sare za muhula mpya.

Jumatano alasiri Wakili alikuwa akifanya hesabu za shule uani, Mjomba akichomelea fremu, geti liliposukumwa kwa kishindo. Mama Sare aliingia juu ya kiti chake cha zamani kilichofungwa kwa waya, akisukumwa na jirani. Mapajani alipakata gurudumu la baiskeli. Mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa bandeji.

"Liko wapi hilo jimama la ovaroli?" aliuliza, na sauti yake ilimtoa mama ndani mbio.

"Mama Sare! Pole! Umepatwa na nini?"

"Pole yako weka hapo hapo! Nimeshuka kibarazani kwangu, gurudumu la kushoto likachomoka, nikala vumbi mbele ya wateja wangu. Kifundo cha mkono kimeteguka. Nitazungusha cherehani kwa meno?" Alilitupa gurudumu chini. "Kampuni yako ile ya ghorofa niliiandikia barua tatu. Tatu! Zote zikarudi na muhuri. Halafu ukaja wewe na maneno matamu, ukaniambia, kwetu kila kiti kinajaribiwa kabla hakijatoka. Nikakuamini. Kumbe umebadilisha nguo tu!"

Mama aliingia ndani, akatoka na kadi ya njano, akaisoma mara mbili.

"Kiti kimejaribiwa," alisema polepole. "Mizunguko mia mbili. Nati zimekazwa mara ya pili. Kadi hii hapa." Kisha alimgeukia Mjomba Cheche, na macho yake hayakuwa ya kawaida. "Kama zilikazwa na bado zimefunguka, basi nati zenyewe ni mbovu. Mjomba, umezinunua wapi?"

"Pale pale ninaponunua siku zote."

"Una hakika? Hukutafuta za bei chee?"

Loo! Mjomba Cheche alivua miwani yake ya kuchomelea. "Dada, miaka ishirini nimeishi kwa moto na chuma. Wameniita mchafu, wameniita kelele. Mwizi hajaniita mtu." Akavua glavu, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya fremu ambayo haijamalizika. "Tafuta fundi mwingine."

Wakili alikuwa bado ameshika penseli. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua milele. Kadi ilikuwa upande wake, ina saini na mwandiko mzuri. Mjomba angetoka kwenye lile geti, mama angebaki peke yake na mabomba yake, kampuni changa ingekufa, na pengine, pengine mama angerudi ghorofa ya tisa. Hilo ndilo alilokuwa akiliomba miezi mitano. Aliona Mjomba akiokota mfuko wake wa zana. Aliona vidole vya Mama Sare vilivyovimba, vikichomoza kwenye bandeji.

"Sikukizungusha," alisema.

"Nini?" mama aliuliza.

"Sikukizungusha hata mara moja. Nilikikalia nikasoma kitabu. Na nati sikuzigusa. Mjomba hana kosa."

Mama aliitazama kadi, akamtazama binti yake, na uso ukambadilika.

"Nilikimbia kule kwa sababu ya muhuri," alisema kwa hasira. "Miaka sita nimewaambia watu 'yameshughulikiwa' na hayakushughulikiwa. Nikasema mimi na uongo huo basi. Kumbe muhuri nimeufuga nyumbani, nauandalia chai kila asubuhi!"

"Na mimi je?" Wakili alilipuka, machozi yakimtoka. "Ulipoacha kazi uliniuliza? Uliamka tu ukaacha! Gari likaenda, bwawa likaenda, hata kochi likaenda, halafu napewa spana niseme asante!"

"Sikukuuliza," mama alisema. "Hilo ni kosa langu, na tutalizungumza mimi na wewe. Lakini kama kesi yako ni mimi, ungenishtaki mimi. Huyu mama alikukosea nini?"

Wakili aliweka penseli chini.

Mama alimgeukia Mjomba. "Kaka, nimekuhukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe."

"Nitakusamehe kesho," Mjomba alinung'unika, "leo bado nimekasirika." Lakini mfuko wa zana aliuweka chini.

Mama Sare ndiye aliyetoa hukumu. "Kiti kiletwe. Kifungwe gurudumu. Huyu mtoto akizungushe hapa, macho yangu yakiona. Nitahesabu mwenyewe."

Jirani alikwenda kukileta, na Mjomba akalirudisha gurudumu kwa nati mpya kutoka boksi lile lile. Wakili akakikalia, akaanza kujisukuma kwa mikono. Mizunguko kumi ya kwanza aliiona mchezo. Kufika thelathini mabega yalikuwa yakiwaka moto. Kufika hamsini viganja vilitoa malengelenge, na kila jiwe alilisikia kwenye uti wa mgongo. Jirani mwingine alichungulia juu ya ukuta, akamuuliza mama, "Masikini, mtoto ameanza lini kuumwa?"

"Mimi si masikini na nina mdomo, niulize mwenyewe!" Wakili alifoka.

Mama Sare aliacha kuhesabu akacheka mara ya kwanza siku ile. "Karibu kwenye maisha yangu," alisema. "Endelea. Hamsini na tisa."

Kwenye mzunguko wa sabini na tatu, Wakili alisikia mlio, tik, tik, upande wa kushoto. Angeendelea tu, nani angejua? Lakini alisimamisha kiti, akainama, akaigusa nati. Ilizunguka kwa vidole viwili.

"Imelegea," alisema taratibu. "Mjomba, imelegea. Ndivyo ulivyosema."

"Mgeni amechoka kujifanya ana adabu," Mjomba alijibu, akampa spana.

Alimaliza mia mbili jua likiwa limeinama. Alikaza nati zote nne, akavuta kila gurudumu kwa nguvu zake zote. Mama akampa kadi mpya. Safari hii hakuandika Kiko sawa. Aliandika: Nati ya kushoto ililegea mzunguko wa 73. Nimekaza. Nimezungusha tena hadi 200. Haikulegea. Alisaini kwa vidole vinavyouma.

Wiki ile yote, na iliyofuata, Wakili alipotoka shule alikwenda kibandani kwa Mama Sare kumzungushia cherehani na kushona vifungo, hadi mkono ulipopona. Waliomcheka shuleni ndio hao hao waliokuja kupimwa sare, wakamkuta na sindano. "Ndiyo," aliwaambia kabla hawajafungua midomo, "mama yangu anaziba pancha. Na viti vyake havianguki, isipokuwa kile nilichokiangusha mimi."

Siku ya mwisho Mama Sare alimwita karibu. "Sikiliza, Wakili. Watu hudhani uongo ni kazi ya mdomo. Muhuri husema uongo, kalamu husema uongo, hata alama ndogo ya vema husema uongo, na unaoumiza zaidi ni huo, kwa sababu anayedanganywa humwoni. Mama yako aliacha kiti kizuri ili watu kama mimi tukae salama. Kazi yoyote utakayofanya, ya ghorofani au ya uani, usiweke alama mahali ambapo mkono wako haukufika. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya, nipishe."

Mama Sare aliachia breki, akashika magurudumu yake kwa mikono miwili mizima, akateremka kibarazani. Wakili alisimama juu, akilitazama gurudumu la kushoto mpaka lilipofika chini.