Kidonge cha Baba na Utafiti wa Mama

Ndugu zangu, wazazi, walezi, na ninyi mnaosoma hadithi hii kwa sababu tu mwalimu wa zamu amewakazia macho, kaeni vizuri. Nina jambo zito la kuwaambia, na nitajitahidi kuwa na heshima mpaka mwisho.

Nilipofika likizo, nyumba yetu ilikuwa na utulivu ambao bwenini hatuupati hata tukiwa tumelala. Baba, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa sebuleni akishona. Mama, muuguzi wa kliniki ya presha, alikuwa mezani na vitabu vyake vya shahada ya utafiti wa afya. Alikuwa amefika kwenye takwimu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetafuna dawa chungu. Kitu kimoja tu kilivuruga utulivu ule: Baba mwenyewe ana presha, na vidonge vyake vilimpeleka chooni mara kwa mara. Wateja walizoea kuachwa wamesimama na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

Katika kitabu cha Mama kulikuwa na sura ndefu kuhusu kulinganisha kundi moja la wagonjwa na jingine. Mama aliifungua, akahesabu kurasa zake, akaifunga. Msimlaumu upesi. Alikuwa na zamu, nguo za kufua, na mimi. Akaona heri aanze utafiti wake, sura hiyo ataisoma baadaye.

Utafiti wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi moja kliniki, kati ya wagonjwa waliojaa kwenye benchi, Mama aliwachagua wale ambao presha yao ilikuwa juu sana. Akawafundisha kukaa kimya na kupumua taratibu kila siku wakiamka. Waliporudi mwezi uliofuata, akawapima tena.

"Imeshuka," alituambia kabla hajavua viatu. "Karibu wote, Mzee. Kwa kupumua tu."

Baba akatoa pini mdomoni. "Kumbe mimi nimekuwa nikijitibu tangu nizaliwe, na hakuna aliyeniambia."

Tulicheka sana. Tungejua yanayokuja, tungecheka kidogo.

Kuanzia siku iliyofuata Baba alikaa kwenye kiti chake cha cherehani kila asubuhi, macho amefumba, akivuta pumzi kama mtu anayenusa mchuzi wa jirani. Mama hakumwambia aache dawa, na hilo naomba lieleweke. Lakini Baba alisikia kile alichotamani kusikia. Profesa wa nyumba amepima mwenyewe, vidonge vya nini tena? Akavitia kwenye kopo la vifungo na kulifunika. Akawa anapima wateja mpaka mwisho bila kuinuka. Mama akamsifu kwamba mazoezi yamemtuliza hata kibofu. Baba akatabasamu, akarudi kwenye cherehani.

Mchana mmoja mkasi ulianguka. Tulidhani umemponyoka. Mteja aliyekuwa akipimwa mabega akageuka, akatuita kwa sauti ambayo sikuipenda. Mdomo wa Baba ulikuwa umekwenda upande, na maneno yalimtoka yamefumuka kama nguo isiyo na mishono. Mama akamtazama usoni, akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia, ule unaokata vitambaa na kutulisha sisi, ukabaki pajani.

Hospitali walisema ni kiharusi, na kwamba kumfikisha mapema kumemwokoa. Mama aliporudi nyumbani kumchukulia nguo alitafuta kifungo cha kurudisha kwenye shati lake. Akafungua lile kopo. Sikuwahi kumwona Mama akikaa chini sakafuni hivyo, viatu mguuni na shati mkononi.

Alikwenda kwa mhadhiri wake wa takwimu kumwambia kwamba anaacha masomo. Mhadhiri huyo ni mama mtu mzima, na wanafunzi walimpa jina la Bibi Wastani. Mama alinisimulia yote aliporudi, na baadaye akamsimulia Baba kitandani. Bibi Wastani alimsikiliza mpaka mwisho, akampa maji, kisha akamuuliza jambo moja.

"Hao uliowafundisha walishuka, dada. Na wasiofundishwa je?"

Mama akawakumbuka. Asubuhi ile kulikuwa na wagonjwa wengine ambao presha yao ilikuwa juu vilevile, ila nafasi ya kuwafundisha ilikwisha. Wakaenda pamoja kutazama vipimo vya hao. Nao walikuwa wameshuka, karibu sawa na wenzao, bila kufundishwa lolote.

Nitawaeleza kwa lugha ya bweni. Presha haikai mahali pamoja. Asubuhi ile mmoja alikuwa ametembea kwa haraka, mwingine amegombana na mwenye nyumba. Ukimchagua mtu siku yake mbaya kuliko zote, ukimpima siku nyingine huenda ukamkuta ana nafuu, hata kama ulimfundisha kupiga mluzi. Mlezi wetu wa bweni hukagua vitanda, hukemea kile kichafu kuliko vyote, na wiki ijayo hukikuta afadhali. Anaamini ni makemeo. Sisi wenye vitanda tunajua tulikuwa na wiki mbaya.

"Hukumdanganya mtu," Bibi Wastani alimwambia. "Ulifurahi mapema. Rudi kwenye ile sura, tutaisoma wote wawili."

Kabla ya sura, Mama alirudi kwenye benchi. Alisimama mbele ya wagonjwa wake, akawaambia kwamba kupumua taratibu hakuna ubaya, lakini yeye hajui kama kunashusha presha, na kwamba alisema anajua kabla ya kujua. Akawasihi wasiache dawa. Mwanamke mmoja aliyekaa mwishoni aliuliza kwa aibu kama kuruka siku mbili tatu ni kuacha. Mama akamshika mkono, wakaingia ndani kupima.

Sasa anaanza upya. Wote wataendelea na dawa zao, na kura ndiyo itakayoamua nani afundishwe kupumua na nani asubiri. Ukimuuliza matokeo yatakuwaje, anasema hajui. Analisema bila haya.

Baba alirudi nyumbani akiwa hasemi zaidi ya neno moja kwa wakati. Mama alimshonea mpira wa vipande vya nguo auminye kwa mkono wa kulia. Mishono yake ilikuwa ya aibu, na fundi aliitazama kwa huzuni ya kikazi. Siku moja vidole vilifunga vyote.

"Unaona," Mama akasema, "huu mpira unakuponya."

Baba alitafuta maneno kwa muda mrefu. Tulidhani anataka maji.

"Na wasiominya... je?"

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza nzima tangu augue. Mama alicheka mpaka akalia, kisha akaurudisha mpira kiganjani mwake.

"Minya tu, Mzee. Na kidonge umeze."

FUNZO

Ndugu zangu, usiache dawa yako kwa sababu ya habari njema iliyoingia mlangoni, hata kama aliyeileta unampenda. Ukiambiwa kitu fulani kimeponya watu, uliza habari za wenzao ambao hawakukitumia. Na wewe unayejifunza utafiti wa afya, usiiruke sura ngumu. Mwisho wa hesabu zile yupo baba wa mtu, ameketi kwenye kiti chake, na anakuamini.