Mahali pa Musiba

Zamani, kabla mlio wa bunduki haujasikika katika ziwa Nyanza, wafalme wa visiwani walipigana kwa mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Katika kisiwa cha Irondo aliishi askari wa majini aitwaye Musiba, kijana wa miaka kumi na tisa. Aliwahi kupiga mbizi akakata mishono ya mtumbwi wa adui, na mfalme akamvika shingoni duara la gamba jeupe. Mwenye gamba hukaa mbele mtumbwini, kifua wazi kwa mishale. Ng'ombe aliyezawadiwa siku hiyo, Musiba aliwachinjia wapiga kasia wazee.

Kisha wavamizi wakakizingira kisiwa kidogo cha Kweru. Siku ya sita, katika ukungu mzito wa asubuhi, mtumbwi mmoja wa Irondo, Musiba akiwa mbele, ulipenya kuwachukua watu waliosalia. Watoto wakapanda, na mama zao. Akabaki Bibi Nyabuhoro, mkongwe.

"Umejaa," nahodha Lugoye akanong'ona. "Akiongezeka mmoja, tunazama."

Musiba akashuka majini. "Mahali pangu papo, Bibi. Panda."

"Wewe! Jua langu limekwisha kuchwa, mjukuu wangu. Rudi ukae!"

"Ukibaki, Bibi, ulimi wako utawamaliza adui peke yake. Niachie na mimi kazi kidogo." Akamwinua kama kikapu, akamvika gamba lake. "Mwenye gamba hukaa mbele. Ndiyo sheria."

Mtoto mmoja akalia. Mara ngoma! Mitumbwi mitatu ikapasua ukungu.

"Vuta! Vuta!" Lugoye akapaza sauti.

Musiba akauma kisu, akazama. Mtumbwi wa kwanza ukafumuka kama mkeka mkuukuu. Wa pili ukajaa maji, mikuki ikielea. Wa tatu ukageuka kumwinda, na alipoibuka kuvuta pumzi, mishale ikamnyeshea. Akazama tena. Punde ule wa tatu nao ukaanza kunywa maji.

Yeye hakuibuka.

Watu thelathini na mmoja walifika Irondo salama. Bibi Nyabuhoro akampelekea mfalme gamba, akilia. Mfalme hakulipokea.

"Nani alikuvika?"

"Musiba, ewe mtukufu."

"Basi mimi ni nani nikuvue?"

Tangu siku ile Bibi alikaa mbele katika kila mtumbwi aliopanda, akiwakemea wapiga kasia wavivu, na hakuna nahodha aliyethubutu kumhamisha. Jina la mfalme yule limesahaulika. Lakini mwanamke mkongwe akipanda mtumbwi Irondo, vijana husogea nyuma wakamwambia, "Pita, Bibi. Mahali pa Musiba ni pako."