Ya Sita Aliimaliza na Mwingine

— Francine njo nani?

Kwenye simu, Benita alisikia kamio la mizigo likipita huko Walikale, kisha akasikia kikohozi cha mchumba wake Archange, cha mtu anayetafuta uongo.

— Francine gani, chérie?

— Niko naongelea ule wa kwenye télé.

Asubuhi hiyo ya Alhamisi, Damascène wa pikipiki alikuwa ameshusha kartoni nyumbani kwa kina Benita, Masisi. Ndani mlikuwa na mashine ya michezo ya Archange na diski zake zote. Baada ya miaka miwili kwenye duka la mjomba wake Walikale, kijana alikuwa anarudi kuoa. Vitu vilitangulia, mwenyewe angefika Jumamosi na wazee wake kuleta mahari. Benita, mchumba mwenye furaha zake, akachomeka mashine kwenye umeme wa sola acheze kidogo. Skrini ikamwonyesha michezo iliyohifadhiwa, na juu kabisa: Ordava 6. Archange na Francine. Masaa tisini na manne, na tarehe za kila mara walipocheza. Umemalizwa.

Ili uelewe uchungu wa huyu dada, lazima uijue Ordava. Ni mchezo wa watu wawili wanaovuka nchi iliyoharibika na punda mmoja, na hauchezeki peke yako. Benita na Archange walikutana nao kwenye chumba cha michezo pale Masisi centre, kila mmoja akiwa amekosa mwenza. Ya kwanza waliicheza kama wageni, ya pili kama marafiki. Ya tatu, weee! Ya tatu iliwaliza wote wawili punda alipobaki ng'ambo ya mto, na siku hiyo hiyo Archange akamwambia anampenda. Ya nne ilikuwa nzuri kiasi. Ya tano watengenezaji wakaanza uvivu: milima ile ile, maneno yale yale. Ya sita ndiyo balaa. Punda wamemtoa! Hata mwisho wa hadithi wameukata, wanauuza pembeni kama nyongeza. Desemba, Archange alipokuja likizo, waliicheza jioni moja tu, akatupa maneti ya kuchezea chini.

— Hii ni uchafu, alisema siku ile. Hawa bantu wanaitengeneza walichoka, lakini hawataki kusema walichoka. Wanatuuzia jina tu. Tuache, Benita.

Wakaacha. Benita, masikini, hata alimsifu kwa msimamo wake.

Sasa kwenye simu msimamo ulikuwa umeyeyuka.

— Aah, ule Francine! Anafanyaka kazi hapa dukani. Tulijaribu siku mbili, tatu hivi.

— Siku mbili njo masaa makumi tisa na ine?

— Ile mashine inahesabuka mubaya.

— Na siku nayo inahesabu mubaya? Mulicheza dimanche ya Pasaka. Unakumbuka ulinitumia message gani dimanche ya Pasaka?

Benita akamsomea, maana alikuwa hajafuta hata moja:

"Chérie, niko Bisie muporini na vitu vya duka, rezo ya simu iko mubaya. Tutaongea kesho. Nakupenda."

— Dimanche ile walimupasua mama hopitali, message ni ile ile. Rezo iko mubaya. Nilikaa pale inje peke yangu, Archange, nikakuombea Mungu akulinde mupori. Kumbe uko kwa kiti na maneti mukononi!

— Benita, nisikilize. Usiambie wazee. Samedi nitakuelezea yote.

— Sawa. Samedi.

Alikata simu, akalia mpaka macho yakavimba. Mama yake alipouliza, akasingizia moshi wa jikoni. Mama hakuamini, lakini naye alikuwa na maharagwe ya wageni ya kuchambua.

Jumamosi wageni walifika, wamevaa makoti. Ng'ombe wanne walifungwa kando ya boma. Kabla wazee hawajaanza mazungumzo, Archange alizunguka nyuma ya nyumba, akamkuta Benita anasuuza glasi.

— Nilikosa, alisema. Nakubali. Lakini ilikwisha, na Francine anajua niko naoa. Benita, ni jeu tu, muchezo! Na jeu yenyewe mubaya, unajua.

— Njo vile inaniuma.

— Vile namna gani?

— Ingekuwa ile ya tatu, ningeelewa. Ile tamu, kila muntu angeipenda. Lakini hii ya sita, na mimi ulishindwa kuvumilia hata jioni moja. Na yeye ukavumilia yote, mpaka mwisho. Uongo?

Archange alichukua glasi moja iliyokwisha kusafishwa, akaisuuza tena.

— Hata ule mwisho wanauuzaka pembeni, ulinunua. Niliona. Ulipenda jeu, Archange, ao ulipenda muntu mwenye alikaa pembeni yako?

— Tuanze upya, alisema kwa sauti ndogo. Nakuapia.

— Beba hizi glasi. Wazee wako nangoja.

Sebuleni, mjomba wa Archange alimaliza hotuba yake ndefu. Papa yake Benita akageuka, akamwita binti yake katikati, akauliza kama inavyoulizwa kila mahari inapoletwa:

— Mutoto wangu, uko namujua huyu kijana? Tupokee ng'ombe yake ao tuache?

Watu walikuwa tayari kupiga makofi. Mama yake alikuwa ameshachukua pumzi ya vigelegele.

— Papa, kijana wa jina hii nilimujua. Alikuwa muzuri sana, na nilimungojea miaka mbili. Lakini mwenye amekuja leo amebaki na jina tu. Musipokee.

Mjomba akauliza kama amesikia vizuri. Benita akarudia, machozi yanamtoka, ila sauti haikuyumba. Papa yake alimtazama Archange, ambaye hakubisha hata neno moja, na hilo likamtosha mzee. Wageni walihudumiwa chakula chao kwa heshima, kisha wakarudi na ng'ombe wao. Archange aliondoka na kartoni amelikumbatia juu ya pikipiki.

Diski moja tu Benita hakuirudisha, ile ya tatu. Iko kabatini, chini ya nguo za kanisa, na hana mashine ya kuichezea.

Kesho yake, Jumapili, walipotoka misa, simu ikalia. Message:

"Chérie, leo rezo iko muzuri sana. Tunaweza ongea?"

Benita aliisoma mara moja. Akaizima simu, akaenda kumsaidia mama yake kuosha masufuria ya wageni.