Arozwari ya Mama Élise

"Nani atanimwangilia tuta yangu?"

Mama Élise aliuliza hivyo asubuhi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja, akiwa tayari amejifunga kitenge chake cha safari, cha manjano chenye majani meusi. Hakuna aliyemjibu. Si kwa ubaya. Wengine walikuwa wameinamia matuta yao, Mama Huguette alikuwa anamfukuza kuku aliyeingia kwenye mchicha wake wa lengalenga, na kila mmoja alimwachia mwenzake jibu, kama sahani chafu zinavyoachwa kwenye nyumba yenye dada wengi.

Bustani yenyewe iko bondeni, chini ya Nyakasanza, mtaa wa Bunia, pale kijito kinapokata kona. Kiangazi kikishika baada ya Noeli, mji wote unageuka vumbi, lakini pale chini kunabaki kijani. Akina mama wanalima pamoja, kila mmoja na tuta lake: shu, yaani kabichi, vitunguu, lengalenga, nyanya. Wako waliozaliwa papa hapa mjini, na wako waliofika na sufuria moja tu kichwani. Mama Élise alikuwa wa hao wa sufuria. Alitoka Gety akikimbia vita, na badala ya kupanda chakula kama watu wote, nusu ya tuta lake akapanda maua. Dalia nyekundu, kubwa kama sahani.

"Utakula maua, weye?" Mama Huguette, prezidanti wao, alipenda kumchokoza.

"Siye wote tutaolewa ao tutazikwa, mama prezidanti. Siku hiyo utanitafuta."

Walicheka. Hata siku hiyo ya kuaga walicheka. Élise alikuwa anarudi Gety kuvuna maharage ya marehemu kaka yake. Akafanya kama anavyofanya kila anayesafiri kutoka bustani ile. Alichomeka kijiti kwenye kichwa cha tuta, akachukua arozwari yake, lile kopo la kumwagilia lenye mdomo wa matundu, akaipindua juu ya kijiti, kichwa chini. Maana yake wote wanaijua: mwenyewe yuko safarini, atarudi, mmwagilieni kwa arozwari yake mwenyewe kisha muirudishe ilivyokuwa. Tuta la msafiri haliguswi. Ila habari ya kifo ikifika, aliyeileta ndiye anayeisimamisha arozwari chini, mdomo juu. Hapo tuta linagawanywa.

Mpini wa arozwari ya Élise ulikuwa umefungwa utepe aliochana kwenye kitenge kile kile cha manjano. Alipopanda kilima, aligeuka mara moja, akaangalia. Si watu. Arozwari.

Ketsia, ambaye ninakaa naye avenue moja, hakuwa amekosa salongo siku ile. Anasoma sheria, na ukimsikia kwenye mijadala ya wanafunzi utamwonea huruma anayekaa upande wa pili. Likizo ile alikuwa anamsaidia bibi yake, Koko Kanyere, ambaye mgongo umeshapinda na ambaye tuta lake linapakana na la Élise. Yeye pia alisikia swali. Yeye pia alifikiri kuna mwingine atakayejibu.

Jua likapiga. Kijito kikabaki uzi. Namba ya Élise haikupatikana tena. Na ule ukweli wa aibu nitausema, maana wenyewe hawausemi: hakuna hata mmoja aliyeenda kumwagilia tuta lake. Hata mmoja! Mama Huguette alifikiri Kanyere anamwagilia. Kanyere alifikiri ni Huguette. Mpaka asubuhi moja walipotelemka wakakuta lengalenga yao imelala chini kama nguo, na tuta la Élise limelowa. Limelowa chapachapa, udongo mweusi, dalia zimesimama.

"Nani alimwangia maji huku?"

"Haiko miye."

"Hata miye."

Arozwari ilikuwa kijitini, kichwa chini. Kwenye tundu moja la mdomo wake, tone la maji lilikuwa linaning'inia.

Ikawa hivyo kila siku. Mashina ya watu yanakauka, ya Élise yananenepa. Mjukuu wa Mama Huguette akashikwa na homa isiyoshuka. Hapo macho yakaanza kumtafuta mchawi, na wewe unajua macho hayo yanaangukia wapi. Kwa mzee. Kwa mjane. Kwa mama anayeongea peke yake akipalilia.

"Ule mama iko mulozi," Huguette alisema mbele ya wote, akimnyooshea Koko Kanyere kidole. "Amemufunga Élise fasi fulani, anamutumikisha. Anamulimisha ile tuta tukiwa hatuoni. Ndiyo maana Élise harudi."

"Prève iko wapi?" Ketsia alisimama, akadai ushahidi.

"Angalia macho yake, vile iko nyekundu."

"Macho ya mutu anapuliza moto ya kuni tangu weye hauyazaliwa! Kama ni hiyo, mama prezidanti, basi sisi wote ni walozi, tuanze na weye unayeuza makaa!"

Wachache walicheka. Huguette hakucheka. Alisema salongo inayokuja wataamua, na baada ya kuamua, vijana wa avenue watafanya kazi yao. Katika mji huu wametoa nje wamama wengi kwa neno hilo, na si wote waliofika mbali. Nikikumbuka ninakasirika mpaka leo: watu walioshindwa kubeba ndoo moja ya maji kwa ajili ya mwenzao, ila wanapata nguvu ya kubeba mawe.

Jioni ile kijana mmoja alisimama mbele ya lupango, ua wa nyumba ya Ketsia na koko wake. Alisalimia vizuri, kwa adabu kabisa. Kisha akauliza, "Koko analala chumba gani?"

Ketsia aliamua kumkamata anayemwagilia. Alihesabu kama mtu wa sheria: asubuhi akina mama wako pale, jioni wako pale. Saa pekee ambayo bonde linabaki tupu ni mchana, jua likiwa utosini, wakati hata mbwa wanatafuta ukuta. Basi mchana, wote walipopanda nyumbani, yeye alijificha kwenye kibanda cha majembe, akachungulia kwenye ufa wa mbao.

Joto. Nzi. Kijito hakisikiki.

Kisha nzi wakanyamaza.

Alisikia mtu anahema. Mhemo wa mtu mwenye mzigo, anayepanda kutoka kijitoni. Karibu. Karibu zaidi. Njia ilikuwa nyeupe na tupu. Mhemo ukapita mbele ya ufa, akausikia shavuni, baridi, na ukaacha harufu ya matope mabichi.

Arozwari haikutoka kijitini. Haikutikisika.

Ila udongo ulianza kuwa mweusi. Kuanzia kichwa cha tuta. Shina moja. La pili. La tatu. Polepole, kwa mpango, kama anavyomwagilia mtu anayependa kazi yake. Kwenye kila dalia maji yalikawia kidogo.

Halafu mtu akakohoa. Ketsia alikijua kikohozi kile. Kifupi, cha mara mbili. Élise.

Alikimbia. Viatu vyake vilibaki kibandani.

"Koko," alinong'ona alipofika nyumbani, "nimeona."

Koko Kanyere alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakuinua uso. "Miye niliona zamani."

"Ni nani?"

"Mwenyewe."

"Mutu muzima hawezi kufanya vile. Koko, fikiri. Aliye hai hawezi kuwa Gety na hapa. Kwa hiyo Élise amekufa."

Mzee akaacha sombe. "Mutoto wangu, ile 'kwa hiyo' yako, uiogope. Huyu ana kiu ya kurudi. Tumuachie njia."

Lakini Ketsia alikuwa ameshaona mlango wa kutokea, na mjadalani ukiona mlango hungoji. Kama Élise amekufa Gety, basi hakuna aliyemfunga Bunia. Kama hakuna aliyemfunga, hakuna mulozi. Koko anapona. Kilichokosekana ni habari tu, na habari inaweza kutengenezwa.

Siku ya salongo vijana walikuwa wamekaa juu ya ukingo, wanaangalia chini. Ketsia alisimama katikati ya matuta, akainua simu yake juu.

"Wamenipigia kutoka Gety. Mama Élise amefariki. Ugonjwa tu. Alizikwa kule. Sasa niambieni: mulozi wenu anamfunga mutu ambaye yuko kaburini?"

Mama Huguette akashika mdomo. Mmoja akaanza kulia, wa pili akafuata. Kule juu, kijana mmoja akajipangusa suruali, akaondoka. Kisha mwingine. Ketsia aliwahesabu wakiondoka wote, na moyo wake ukashuka mahali pake.

"Aliyeleta habari asimamishe," Huguette alisema kwa sauti ya chini.

Jua lilikuwa utosini. Ketsia aliishika arozwari. Ilikuwa tupu, imepinduliwa, mdomo chini. Lakini ilikuwa nzito. Nzito kama imejaa hadi juu. Aliivuta kwa mikono miwili, akaigeuza, akaikalisha chini.

Udongo wa tuta ukapasuka. Hapo hapo, mbele ya macho yao, weusi ukawa kijivu, na dalia zikainamisha vichwa.

"Ni jua," Ketsia alisema.

Waligawana. Waling'oa maua, wakachora mipaka kwa jembe. Koko Kanyere peke yake alikataa fungu lake. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwao wote, anaangalia njia ya kilimani.

Kabla ya giza, pikipiki ilitelemka kwenye njia hiyo. Aliyeiendesha alikuwa Eddy, motari wa Komanda. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, na alikuwa anauliza kila mtu: bustani ya wamama ni ipi?

"Nimebeba mutu yenu," alisema. "Nimemuacha kwenye morgi, nyumba ya maiti. Alisema ndugu zake ni nyinyi."

Mfuko aliokuwa ameushika ulijaa maharage. Juu ya maharage, vitunguu vya dalia, vile vya kupandia maua, vimefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba.

Alieleza. Njia ya karibu ilikuwa imefungwa sababu ya usalama, hivyo mama huyu alizungukia Komanda, akapanda pikipiki ya Eddy asubuhi. Mzima kabisa. Njia yote anachekesha. Anasema amekawia, maua yake yatamgombeza. Anasema kila akilala mchana huko Gety anaota anabeba maji, anaamka amechoka, miguu imeloa.

Eddy akajipangusa vumbi kwenye kope.

"Jua lilikuwa utosini. Akanipiga begani, anasema, 'Simamisha.' Nikasimamisha. Akakaa pembeni ya barabara. Akaniuliza swali moja. Sikulielewa."

"Alisema nini?" Huguette aliuliza, karibu bila sauti.

"'Nani amesimamisha arozwari yangu?'"

Hakuna aliyemwangalia Ketsia. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Akaomba maji," Eddy aliendelea. "Nikamupatia chupa. Hakunywa. Alimwangia chini, polepole, hivi, kama mutu anamwangilia shina. Chupa ilipoisha, naye akaisha."

Walimzika Nyakasanza, na kitenge chake cha manjano ndicho walichomfunikia. Ketsia mwenyewe alisaidia kukikunja chini ya miguu yake. Alitafuta maua ya kuweka juu ya kaburi. Bondeni kote halikubaki hata moja. Mjukuu wa Huguette homa ilishuka, na hakuna aliyetaja tena neno mulozi. Koko alipona. Ndivyo Ketsia anavyojiambia. Koko alipona.

Koko alivirudisha vitunguu vya dalia kwenye lile fungu alilokataa la tuta la Élise, kwa mikono yake, na ndiye anayevimwagilia. Arozwari ya Élise imesimama pale ilipokalishwa. Kila anayejaribu kuinyanyua anaiacha.

Juzi Ketsia alitelemka bondeni mchana. Kwa nini mchana, hasemi. Amepata nafasi ya kuendelea na masomo Kisangani, na hajamwambia yeyote wa bustani. Hata koko hajamwambia. Arozwari yake ya bluu alikuwa ameifungia nyumbani, kwenye chumba chake, ufunguo uko shingoni.

Aliikuta kwenye kichwa cha tuta lake, lile la koko analolilima yeye sasa. Juu ya kijiti kipya. Kichwa chini.

Mpini umefungwa utepe wa manjano, wenye majani meusi. Umelowa, na una udongo mwekundu, udongo ambao bondeni hatunao. Udongo wa namna hiyo uko kule juu, makaburini.

Amesafiri leo asubuhi. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Kabla hajapanda aliniuliza lile swali la Mama Élise, na safari hii kuna aliyejibu, ni mimi. Lakini mimi ni mtu mmoja, na mimi pia nina siku za kuugua, na koko mgongo wake umeisha. Basi nakuomba wewe unayesoma. Ukifika Bunia kiangazi hiki, telemka bondeni, utaliona tuta la kijiti kipya, jirani ya dalia. Mwagia maji. Arozwari irudishe ilivyokuwa, kichwa chini. Usimwachie mwingine.